Somo: Simu za bei chee zilizofungwa mtandao Marekani, uchukue au uache?

Kila mwisho wa mwaka, maduka ya huku Marekani yakianza kushusha bei, napata ujumbe uleule: "Kaka, nimeona simu Walmart dola 40, na ileile sehemu nyingine wanauza 130. Kuna nini hapo?" Hapo kuna loki, na leo tuiongelee hadi mwisho.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma nilinunua moja kwa dola 49, nikampa jamaa aliyekuwa anakwenda likizo amfikishie mama Tanga. Mama akatoa laini kwenye kitochi chake akaichomeka. Kioo kikawaka vizuri, kisha kikaandika kinataka PIN ya kufungua mtandao. Mama akaingiza PIN yake ya M-Pesa, mara tatu. Akarudisha laini kwenye kitochi, akanipigia: "Mwanangu, umeniletea kioo cha kujitazamia."

Hatua ya 1: Jua kilichofungwa ni nini

Simu hizi ni za malipo ya kabla. Hakuna mkataba, hakuna anayeuliza historia yako ya mikopo, unalipa kaunta unaondoka nayo. Simu ni yako kabisa. Kilichofungwa ni upande wa laini tu: inakubali laini za mtandao ulioiuza, nyingine inazikataa. Kamera, Wi-Fi na programu vinafanya kazi kama kawaida.

Bei ni ndogo kwa sababu mtandao umelipa sehemu ya gharama, ukitegemea utanunua bando lake mwezi baada ya mwezi. Loki ndiyo kamba ya kukuzuia usihame kabla haujarudisha hela yake.

Wa nyumbani msichanganye na loki ya mkopo. Kwenye Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom, iliyoanza 2020, usipolipa simu inajifunga hadi ulipe. Kule unafungwa kwa sababu unadaiwa. Huku hudaiwi hata senti, na bado umefungwa.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya miezi, achana na bei ya boksi

Hapa ndipo wengi tunapigwa, kwa hiyo twende taratibu.

Mitandao mikubwa ya Marekani imejiwekea kanuni kwamba simu ya malipo ya kabla itafunguliwa, muda ukizidi sana, mwaka mmoja tangu iwashwe kwenye mtandao. Ndani ya mwaka huo kila mmoja ana masharti yake: mwingine miezi 6 ya huduma iliyolipiwa, mwingine mwaka mzima. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma ya siku unayonunua, kwenye tovuti ya mtandao wenyewe. Muuza duka atakwambia chochote ili utoe hela.

Sasa chukua karatasi. Tuseme simu iliyofungwa ni dola 40, na ya aina hiyohiyo isiyofungwa ni 130. Umeokoa 90. Lakini bando la mtandao ule ni dola 40 kwa mwezi, na wewe ulikuwa unatumia la dola 25 kwingine na linakutosha. Kila mwezi unaongeza 15. Miezi 6 ni dola 90: faida yote imekwisha, mmetoka sare. Kama sharti ni mwaka, umelipa dola 180 kuokoa 90.

Geuza hesabu. Kama tayari uko kwenye mtandao huo na bando lake unalilipia hata hivyo, zile 90 ni zako halali. Chukua bila kusita. Ndiyo maana mimi sisemi simu hizi ni mbaya. Nauliza tu: ungekuwa kwenye mtandao huo hata bila simu hii? Jibu likiwa hapana, rudisha boksi kwenye rafu.

Jua pia nani ni nani. Cricket ni ya AT&T, Metro ni ya T-Mobile, na Straight Talk na Tracfone zipo chini ya Verizon tangu Novemba 2021. Mtandao ni wa hao wakubwa watatu, kwa hiyo ulizia kwanza mtaani kwako ni upi unashika vizuri.

Hatua ya 3: Soma maandishi madogo ya boksi

Geuza boksi, tafuta namba ya modeli. Kwa Samsung za Marekani, modeli inayoishia na U ni ya mitandao, na U1 ni ile iliyotoka kiwandani bila loki. Herufi na tarakimu ndogo hivyo, na inakuokolea miezi.

Angalia nafasi ya kuhifadhi. Simu hizi huja na programu za mtandao zilizopachikwa humo, nyingi hazifutiki, unaweza kuzizima tu. Ukiwa na GB 32, ukiweka WhatsApp na picha za harusi mbili, imejaa.

Kama mwisho wake ni Afrika Mashariki, angalia na masafa ya 4G. Kwetu 4G inategemea sana 800 na 1800, kwenye orodha utaziona kama bendi 20 na bendi 3. Simu nyingi za bei ya chini zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina bendi 20. Hata loki ikitoka, kijijini utabaki unazungusha kiduara.

Hatua ya 4: Iwashe, ulipe bila kuruka

Siku zinahesabiwa simu ikiwa hewani na bando limelipiwa. Simu iliyokaa kabatini haihesabiwi, na kwa baadhi ya mitandao ukiruka mwezi unaanza upya. Tunza risiti, piga picha ya kila malipo, na usihamishie laini kwenye simu nyingine "kwa muda tu".

Hatua ya 5: Omba ifunguliwe, kisha jaribu

Muda ukitimia, omba. Wengine wana programu ndani ya simu unabonyeza tu, wengine unawapigia ukiwa na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu (piga *#06# uione). Kwenye iPhone nenda Settings, General, About, ushuke hadi Carrier Lock. Ukiona No SIM restrictions, umemaliza. Kwa Android njia ya uhakika ni kuazima laini ya mtandao mwingine na kupiga simu kweli. Fanya hivyo ukiwa bado huku, kabla haijapanda ndege.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili (Houston): Shemeji yangu anasema nitume tu, mafundi wa Kariakoo wanafungua kila kitu. Kweli?

Dada, baadhi wanazifungua, na baadhi zinarudi zimekufa kabisa. Kwa iPhone huwa wanapachika kichipu chembamba chini ya laini. Kinafanya kazi mpaka siku simu ikijisasisha, halafu mnaanza upya. Ninachoogopa zaidi ni fundi anayechezea IMEI. Hilo ni kosa kisheria, na Tanzania si mzaha: Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu zenye IMEI bandia. Ikifika, tuma IMEI kwenda 15090 uhakiki.

Wa Kitale (Minnesota): Nataka kumpelekea sista iPhone used, imefunguliwa. Kuna shida nyingine?

Ipo moja watu hawaioni: kuanzia iPhone 14 ya 2022, zinazouzwa Marekani hazina tundu la laini. Ni eSIM pekee, yaani laini iliyomo ndani ya simu yenyewe, hakuna kadi ya kuchomeka. Safaricom wana eSIM, kwa hiyo sista akiwa nayo hana neno. Ila akizoea kubadilisha laini mbili tatu kwa mkono, mtafutie ya 13.

Ndugu Bahati (Texas): Sisi tulifika mwaka uliopita kutoka kambi ya Nyarugusu. Hatuna historia ya mikopo, kila mahali wanatukatalia simu za mkataba. Hizi zitatufaa?

Karibuni sana, ndugu. Nyinyi ndio hasa zinawafaa. Hamtaulizwa historia, hamna deni, na mnaishi hukuhuku kwa hiyo miezi itapita yenyewe. Chagueni kwanza mtandao unaoshika kwenye nyumba yenu, kisha simu. Mwaka ukiisha ombeni ifunguliwe hata kama hamhami. Siku mkitaka kuiuza au kumpa mtu, itakuwa na thamani.

Kijana wa Pemba: Kufungua loki huku Marekani si kosa? Niliwahi kusikia watu wanashtakiwa.

Ulisikia ya zamani. Kuanzia Januari 2013 kufungua simu mpya bila ruhusa ya mtandao kulikuwa kinyume cha sheria. Agosti 2014 Obama akasaini sheria iliyorudisha ruhusa hiyo. Ila sheria haimlazimishi mtandao kukufungulia siku unayotaka wewe.

Binti Mrima (Toronto): Na sisi wa Canada?

Wewe lala usingizi. Tangu Desemba 1, 2017 simu mpya za mitandao huko zinauzwa zikiwa wazi, na za zamani zinafunguliwa bure. Uingereza nao wamepiga marufuku kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2021.

Mzee wa Kirumba: Mimi nimeshatuma, iko Mwanza inanitazama. Nifanyeje?

Pole, mzee wangu. Kama haikuwahi kuwashwa na bando huku, mtandao hautaifungua, usipoteze pesa kupiga simu kimataifa. Itumie kwa Wi-Fi. Unataka WhatsApp? Andika namba ya kitochi, ujumbe wenye namba za uthibitisho utaingia kitochini, uandike kwenye simu kubwa. Data omba hotspot ya mtoto. Ya mama Tanga ndivyo ilivyoishia: mjukuu anaangalia katuni, na mama bado ananipigia kwa kitochi.