Somo: Ujumbe unavyotoka kwenye kipokezi hadi kiini cha seli T

Chukua karatasi, chora utando wa seli T, ile seli ya kinga ya mwili, tuufuate ujumbe. Usikariri majina, kila hatua jiulize, fosfeti, kile kibandiko cha kemikali kinachowasha au kuzima protini, imebandikwa wapi?

1. Kipokezi, yaani TCR, kinanasa kipande cha kirusi kilichoshikwa na molekuli ya MHC juu ya seli nyingine. Mkia wake wa ndani ni mfupi mno, hauna la kusema. Wasemaji ni protini majirani zake, CD3 na zeta, wenye sehemu 10 ziitwazo ITAM.

2. Lck, kimeng'enya kinachoandamana na CD4 au CD8, protini za juu ya seli T, kinabandika fosfeti kwenye tairosini (aina ya asidi amino) za ITAM.

3. Hapa tusiharakishe, maana ndipo penye uzuri wote. Kila ITAM ina tairosini mbili, na ZAP-70, kimeng'enya kingine, ina vishikio viwili vya SH2 vinavyoshika tairosini zenye fosfeti. Fosfeti ikiwa moja, ZAP-70 haishiki barabara. Zikiwa mbili, inatulia. Ikishatulia, Lck inaiwasha.

4. ZAP-70 inabandika fosfeti kwenye protini za LAT na SLP-76. Hizi si vimeng'enya. Ni gati tu, kimeng'enya PLC-gamma 1 kitie nanga.

5. PLC-gamma 1 inakata PIP2, aina ya mafuta ya utando, vipande viwili. IP3 inafungulia kalsiamu iliyohifadhiwa ndani. Ghala likipungua, protini ya STIM1 inafungua mlango wa ORAI1 kwenye utando, kalsiamu ya nje inaingia. Kalsiamu inaamsha kimeng'enya kalsinurini, nacho kinabandua fosfeti za NFAT, protini inayowasha jeni, ndipo NFAT inaingia kiini kuwasha jeni ya IL-2, kichocheo cha seli T kuongezeka. Kipande cha pili, DAG, kinabaki utandoni kuamsha protini nyingine za kupeleka ujumbe, Ras na PKC-theta.

MASWALI

— Shikamoo mwalimu. Fosfeti ni ile ile inapokezanwa kama kijiti?

Marahaba. Hapana, na wengi hukosea hapo. Kila kimeng'enya kinachukua fosfeti mpya kutoka ATP, molekuli ya nishati ya seli. Kinachopokezanwa ni ruhusa ya kufanya kazi.

— Kaka yangu amepandikizwa figo, anameza takrolimasi, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga. Inagusa wapi?

Hatua ya 5. Inaungana na protini ya FKBP12, kisha zinaizuia kalsinurini. NFAT inabaki nje ya kiini, seli T haziishambulii figo kwa nguvu. Asiache dozi bila kumwona daktari wake, tafadhali.

— Mtoto akizaliwa bila ZAP-70 inayofanya kazi?

Seli T zenye CD8 hukosekana karibu kabisa kwenye damu. Zenye CD4 zipo, ukizihesabu utadhani mzima, lakini kipokezi kikiguswa haziitikii, na maambukizi hayamwachi.