Jinsi ya kuchora mji uliojaa bila kuchora jengo hata moja

Sahau kwanza nyumba, madirisha na magari. Kwenye abstrakti, yaani michoro isiyoonyesha vitu kama vilivyo, za miaka ya 1940 na 1950 mji unajengwa kwa mistari na vipande vya rangi tu, na kinacholeta msongamano ni vipande kutolingana, sio wingi wake.

Kabla hujagusa brashi tafuta kwenye simu picha ya Broadway Boogie Woogie ya mchoraji Mholanzi Piet Mondrian, ya 1942 hadi 1943, ipo makumbusho ya MoMA, New York. Ivute karibu kabisa. Mistari ya njano imekatwakatwa na viboksi vyekundu, vya bluu na vya kijivu, mstari mweusi hakuna hata mmoja, na huyu ndo yule aliyejulikana miaka kibao kwa mistari yake myeusi! Jicho linaruka boksi hadi boksi, halipati pa kutulia.

Haya, yako sasa. Chukua kanvasi au hata kadibodi ngumu, ipake akriliki ya njano yote, ikauke kabisa. Kisha tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi, ikate membamba ubandike mistari ya kusimama na ya kulala. Rula weka mbali, mingine iwe imebanana mingine imeachana, bandika, rudi nyuma utazame, bandua, hamisha tena. Mondrian naye alikuwa anapanga kwa tepu za rangi, ndo maana Victory Boogie Woogie, aliyofariki 1944 hajaimaliza, mpaka leo ina vipande vya tepu. Usiharakishe hapa, mpangilio ukiwa mbovu rangi haiwezi kukuokoa.

Ukiridhika, kandamiza kingo za tepu kwa kucha, pitisha njano nyepesi juu ya kingo (ikivujia chini itakuwa njano kwa njano, haionekani), ikikauka paka nyeupe yenye kijivu kidogo kote. Bandua tepu taratibu wakati rangi nyeupe bado mbichi kidogo, mistari inajitokeza yenyewe.

Viboksi sasa. Kila njia panda weka kimoja, halafu vingine katikati ya mistari bila mpango, na vipande vikubwa vichache kwenye nyeupe. Kona moja ijaze mpaka ibanane, upande mwingine uache upumue, maana ukijaza kote sawasawa utapata kitambaa cha meza.

Mwisho igeuze kichwa chini uitazame. Jicho likiganda sehemu, boksi la hapo ndo kubwa mno, lipunguze kwa nyeupe.