Kabla Hujapiga Hodi: Mambo ya Kuzingatia Ukitaka Kusaidia Wazee na Vijana Mtaani

Ukiingia kumjulia hali bibi, nyumba nyingi utamkuta na wajukuu. Wazazi wao wako mbali wanatafuta maisha, au walishatangulia mbele ya haki, na bibi ndiye mlezi. Aliyekuja kwa ajili ya mzee atajikuta anasahihisha hesabu za darasa la tano, na aliyekuja kufundisha watoto ataombwa asome karatasi ya kliniki. Jiandae kwa yote mawili.

Kabla ya kufikiria utabeba nini, tazama ratiba yako. Ni siku gani utaweza kufika hata masika yamechachamaa na kazini mambo yamebana? Saa moja kila Jumamosi inatosha, ilimradi iwe ya kweli. Anayepeleka kilo tano za mchele, akapiga picha na kupotea, ametoa sadaka, na sadaka ni jambo jema, ila kazi ninayoizungumzia hapa ni nyingine. Mzee uliyemwambia "nitakuja Jumamosi" huwa ameshavaa kanga safi na kukaa barazani tangu asubuhi. Kama hufiki, piga simu mapema.

Kisha jitambulishe. Tanzania Bara mlango wako ni mwenyekiti au mtendaji wa mtaa. Zanzibar ni sheha. Mwone pia afisa ustawi wa jamii na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa sababu wao wanazijua kaya ambazo hakuna mtu anayezitembelea, na mara nyingi si zile zinazosikika. Mtafute mtoto mkubwa wa mzee, hata kwa simu, umweleze nia yako. Majirani watasema unakitaka kiwanja. Watasema tu, lakini barua ya utambulisho hupunguza makali ya maneno hayo.

Umri nao una uzito kuliko watu wanavyodhani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Sera ya vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, ilhali Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo yule barobaro wa miaka 16 anayekuzidi kimo bado ni mtoto kisheria, na kila utakalofanya naye linahitaji idhini ya mlezi wake.

Fedha ndiyo mtego mkubwa. Itafika siku babu atakupa simu na namba ya siri pamoja, ukamtolee pesa kwa wakala. Mwambie mwende wote, au aende na mjukuu anayemwamini, na namba aibonyeze mwenyewe. Ikishindikana kabisa, awepo shahidi, noti zihesabiwe mbele yake, ujumbe wa muamala ubaki kwenye simu, na kiasi kiandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani kwake. Usikopeshe, usikope.

Dawa zinataka umakini wa aina nyingine. Chukua ile bahasha ndogo ya hospitali iliyoandikwa "1×2". Wewe unasoma kimoja kutwa mara mbili. Mzee asiyeona vizuri anameza viwili asubuhi akidhani amemaliza kazi. Rudi naye kwa mfamasia, athibitishe, kisha chora jua kwenye bahasha ya asubuhi na mwezi kwenye ya usiku. Wengine huacha dawa ya presha wakijisikia vizuri, na presha haipigi kelele. Mkumbushe, ila usimwongezee wala kumpunguzia kidonge hata kimoja, na usimletee dawa za jirani. Kabla ya safari ya hospitali, hakikisha ana kitambulisho, na umuulize afisa ustawi utaratibu wa sasa wa matibabu ya wazee wasio na uwezo. Vituo vingi vya umma vina dirisha la wazee. Mzee anayepanga foleni ya kawaida hukaa saa nyingi bila sababu.

Chunga mdomo. Kule Kanda ya Ziwa kuna akina bibi waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu ya moshi wa jikoni yakawa ndio ushahidi. Mzee anayesahau majina, anayezungumza peke yake usiku au kutoka nje bila kujua aendako, huenda ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ukilisimulia kijiweni kama kichekesho, hujui litafika wapi. Mwambie mtoto wake na mhudumu wa afya, basi.

Kwa watoto kanuni ni moja: msikae mahali ambapo mtu mzima mwingine hawaoni. Fundisheni barazani au chini ya mwembe, mlango ukiwa wazi. Usimtumie binti ujumbe usiku, usimpe zawadi ya siri, usiweke picha yake mtandaoni bila mlezi kuridhia. Na mtoto akianza, "anko, nikwambie kitu lakini usimwambie mtu," usiape. Mjibu kwamba utamsikiliza, na kwamba kama kuna anayemuumiza itabidi mtafute msaada. Msikilize bila kumhoji kama polisi, andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha piga 116, namba ya bure ya simu kwa mtoto, au nenda kwa afisa ustawi au dawati la jinsia na watoto polisi. Usimfuate mtuhumiwa. Ukisikia "tuyamalize kinyumbani," jua kwamba hapo mtoto ndiye anayemalizwa.

Vya kubeba ni vichache: maji yako, kalamu, daftari, nauli ya kurudi. Chai ukikaribishwa, kunywa.

Panga na kuondoka kwako. Ukihama au ukipata kazi ya mbali, waambie wiki kadhaa mapema, umlete atakayekupokea mkae naye ziara mbili tatu, bibi amzoee na watoto wamzoee. Mkabidhi ratiba, mjulishe kwa mwenyekiti, na zile picha za vyeti na kadi za kliniki ulizopiga kwa simu yako zifute.