Mkate wa chachu bila hamira ya dukani
Hamira ya dukani weka pembeni. Chukua chupa ya kioo, changanya atta (unga wa ngano usiokobolewa) gramu 50 na maji gramu 50, funika bila kukaza, kila siku mwaga nusu ulishe tena, yaani uongeze atta na maji kwa vipimo hivyohivyo. Siku ya 3 inaweza kutoa mapovu kibao halafu ikapoa ghafla, usiitupe bana, mi ya kwanza niliitupa hapohapo kwa ujinga, we endelea tu mpaka iwe inaumuka ikafika mara mbili ya ujazo wake kila ukiilisha, kama wiki moja hivi au zaidi.

Siku ya kuoka: unga gramu 500, maji 350, chachu (ule mchanganyiko wa kwenye chupa) 100, chumvi 10. Changanya, kila nusu saa vuta kingo za donge ukunjie juu, mara nne. Kwa joto la Dar usifuate masaa ya video za Wazungu, utakuta uji! Likiongezeka kama nusu na linatikisika kama jeli, liviringe, lilaze kwenye friji. Asubuhi chanja juu na wembe, oka ndani ya sufuria nzito yenye mfuniko, oveni nyuzi 230, dakika 25 umefunika, 20 wazi. Usikate mkate ukiwa wa moto, ndani utanata.