Kuandaa mafunzo ya kuwakinga wafanyakazi wanaobeba machungu ya watu

Muuguzi anayewapa ndugu habari za kifo, mpokeaji wa simu za dharura, ofisa ustawi anayesikiliza mashauri ya watoto walioumizwa, mhudumu wa wateja anayetukanwa kutwa: wote hawa hulipwa pia kwa kuzitawala nyuso na sauti zao. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliita jambo hilo kazi ya hisia, akatofautisha namna mbili za kuifanya. Ya kwanza ni kuigiza juujuu: uso unatabasamu huku moyo unachemka. Ya pili ni mtu kujituliza ndani mpaka ahisi kweli kile anachotakiwa kuonyesha. Tafiti zilizofuata zimeonyesha tena na tena kwamba ile ya kwanza ndiyo inayochosha. Kwa hiyo mafunzo yanayomfundisha mtu kuficha hisia vizuri zaidi humwongezea mzigo.

Anza kwa kuuliza, kabla ya kupanga tarehe ya mafunzo. Zungumza na watu wanane hadi kumi kutoka zamu mbalimbali, mmojammoja, dakika 20 kila mtu. Maswali matatu yanatosha. Ni tukio gani la mwezi uliopita ulikwenda nalo nyumbani? Baada ya tukio hilo, ni nani alikuuliza hali? Ni kitu gani hapa kazini kingelipunguza makali? Gawa majibu mafungu mawili: yanayotibika kwa ujuzi (kukosa maneno mbele ya mtu mwenye hasira, kushindwa kulala baada ya zamu) na yanayotibika kwa uamuzi wa uongozi (zamu za kufululiza, upungufu wa watu, kukosa hata chumba cha kukaa kimya).

Fungu la pili lipeleke kwa uongozi mapema, na usipange tarehe ya mafunzo mpaka jambo moja angalau limebadilishwa. Hapa ndipo mafunzo mengi hufia. Mtu anayefanya kazi saa 12 bila mapumziko akiambiwa avute pumzi, anaelewa kwamba kosa limewekwa juu yake, na ana haki ya kuelewa hivyo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 45003 kuhusu afya ya kisaikolojia kazini, kilichotolewa mwaka 2021, kinaelekeza vyanzo vya hatari vishughulikiwe kwanza, ndipo mtu afundishwe kuvikabili.

Wasimamizi watangulie

Wafunze wasimamizi peke yao, nusu siku, kabla ya wafanyakazi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini inapendekeza mafunzo ya wasimamizi, na sababu haijifichi: msimamizi ndiye anayepanga zamu na ndiye anayeona badiliko la kwanza. Wafanyishe mazoezi ya mazungumzo mafupi yanayoanza na kilichoonekana kwa macho: “Wiki hii umechelewa mara mbili, na kikaoni hukusema kitu. Si kawaida yako. Hali ikoje?” Kisha wanyamaze. Kimya cha sekunde kumi ni kirefu sana kwa msimamizi asiyekizoea, naye atakimbilia kukijaza kwa ushauri au kwa “pole, ndiyo kazi ilivyo”. Rudieni zoezi mpaka aweze kungoja. Swali la kufungia liwe la vitendo: “Wiki ijayo nikupunguzie nini?” Msimamizi aseme pia mwanzoni kabisa ni yapi atalazimika kuyapeleka mbele, kwa mfano hatari ya mtu kujidhuru. Siri iliyoahidiwa ikavunjwa huua imani ya kitengo kizima.

Vipindi vitatu vya wafanyakazi

Weka watu 8 hadi 12, vipindi vitatu vya dakika 90, wiki mbili kati ya kimoja na kingine, ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Semina ya siku moja haitoshi kwa sababu ujuzi huu unahitaji kujaribiwa kazini na kurudishwa kundini ukiwa na kasoro zake. Wasimamizi wasikae humo. Akiwepo hata mmoja, watu watasema wanayotarajiwa kusema.

Kipindi cha kwanza ni cha kutambua dalili. Christina Maslach, aliyechunguza uchovu wa kazi kwa miaka mingi, aliugawa sehemu tatu: kuishiwa nguvu, kuwa baridi au mwenye kejeli kwa unaowahudumia, na kujiona hufanikishi lolote. Ile ya pili ifafanulieni kwa upole, maana wengi huiona kama roho mbaya na kuificha kwa aibu. Elezeni pia kwamba orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, inayotumika tangu Januari 2022, inautaja uchovu huu kuwa hali itokanayo na kazi, si ugonjwa. Ila picha za tukio zinazorudi bila kuitwa, usingizi uliopotea kwa wiki kadhaa, au mawazo ya kufa ni mambo ya mtaalamu, tena haraka. Jina na namba yake viwepo ukutani. Kila mshiriki aandike kwenye kadi dalili zake tatu za mwanzo, kisha abaki nayo mwenyewe.

Kipindi cha pili ni mazoezi, na ndicho chenye faida kubwa. Gawa watu watatuwatatu: mhudumu, mteja, mtazamaji. Igizo dakika nne, maoni dakika tatu, kisha wabadilishane. Mtazamaji anaandika maneno yaliyosemwa, si alama wala hukumu. Kwa wateja wanaotukana, zoezeni sentensi kamili: “Nataka kukusaidia. Siwezi kuendelea ukinitukana. Tuendelee?” Akirudia, onyo moja, akirudia tena, mazungumzo yanakatwa. Utaratibu huo usaidiwe na ruhusa ya maandishi ya mwajiri, la sivyo mtu wa kwanza kuutumia ataadhibiwa na wengine wataacha. Tumieni visa vya kubuni vinavyofanana na kazi yao. Usimruhusu mtu aigize tukio baya lililompata mwenyewe: hisia hufumuka, na mkufunzi hana muda wala leseni ya kuzishona. Kila mtu awe na haki ya kutoshiriki igizo bila kutoa sababu. Igizo likiisha, mhusika ahame kiti na kutaja jina lake halisi. Linaonekana dogo, lakini husaidia kumtoa kwenye nafsi ya mteja.

Kipindi cha tatu ni cha nafasi kati ya kazi na kazi. Dakika mbili baada ya simu au mgonjwa mzito: miguu sakafuni, vuta pumzi kwa kuhesabu nne, itoe kwa kuhesabu sita, mara 12. Kutoa pumzi polepole ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo msiharakishe sehemu hiyo. Mwisho wa zamu, makabidhiano ya dakika tano kati ya watu wawili: kipi kilikuwa kigumu, kipi unakiacha mikononi mwa mwenzako, nani anahitaji kusindikizwa.

Likitokea tukio kubwa, msiwakusanye watu siku hiyohiyo na kumlazimisha kila mmoja asimulie alichoona. Desturi hiyo ilienea sana, lakini mapitio ya tafiti yameonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na wengine huweza kuumia zaidi. Mpe mtu maji, mahali patulivu na mwenzake wa karibu. Mtoe kwenye zamu kama anataka, mpigie baada ya siku mbili au tatu, kisha tena baada ya mwezi. Anayetaka kusema asikilizwe, asiyetaka aachwe.

Kupima matokeo

Fomu ya “umefurahia mafunzo?” haina thamani hapa. Tumieni dodoso fupi lilelile kabla ya mafunzo, baada ya miezi mitatu na baada ya sita, bila majina, na msitoe matokeo ya kundi lenye watu chini ya watano kwa sababu watatambulikana. Hesabuni pia mapumziko yaliyorukwa na watu walioacha kazi. Maombi ya ruhusa yanaweza kupanda miezi ya mwanzo: watu wameanza kuthubutu kusema. Uongozi uambiwe hilo mapema, usije ukasitisha mpango katikati. Kila miezi mitatu rudieni kwa dakika 60, mazoezi tu bila mihadhara, na mwajiriwa mpya apitie kipindi cha pili kabla hajaachwa peke yake na mteja wa kwanza.