Kuchezesha maji ya Kivu ndani ya foto moja
Una foto ya ziwa uliyopiga hapa Goma na unataka maji yacheze? Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nakili tabaka (layer) la foto mara 7, yote kutoka foto ya asili, yawe 8 pamoja nalo. Ukinakili lililokwisha kupindwa, maji yanakuwa uji. Chagua maji peke yake, ukingo uwe laini. Mtumbwi uache nje, usije ukajikunja kama ndizi. Kisha kila tabaka lipe filta ya Ripple, inayopinda picha kama mawimbi, ukibadilisha Phase shift tu, yaani mahali wimbi linapoanzia: 0, 0.125, 0.25, hadi 0.875. Usifike 1, maana ni sawa na 0 na wimbi litakwama kila mzunguko. Toa GIF (picha inayocheza), tiki sehemu ya uhuishaji (As animation), milisekunde 100 kwa fremu. Rangi za GIF ni 256 tu, hivyo anga la jioni hutoka na michirizi. Mimi hulikata.