Unakuja Pemba kuhudumu? Anza na mlango wa jirani

Mi natoka Machakos, huu mwaka wa saba nauguza huku Wete, na kila mwaka napata meseji za vijana wa makanisa ya kwetu Kenya wanaokuja kujitolea skuli au hospitali, swali lao moja tu, dada huko karibu wote Waislamu sasa imani tutaishirikije? Nawajibu wote hivi hivi, njoo kwanza ukae na watu.

Siku ya kwanza au ya pili nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Huku kila mtu yuko chini ya shehia na sheha ndo anajua nani kaingia nani katoka, kwa hiyo mwambie jina lako, kazi yako, unaishi nyumba ipi, na kama ni Mkristo sema. Kuna wanaoshauriwa wafiche, hilo mi silikubali kabisa, watu watajua tu, na siku wakijua ulificha kila wema uliowatendea wataanza kuupekua upya.

Halafu salamu. Huku haziendi mbio. Mzee mpe shikamoo, anayekuambia asalaam alaykum mwitikie waalaykum salaam bila kusita, ni amani mnatakiana, kisha ulizia watoto, ulizia yule mgonjwa wa juzi. Kwa mtu piga hodi mara tatu, kukiwa kimya rudi zako. Kaka, usiingie nyumba yenye mwanamke peke yake na usimpe mkono mpaka aunyooshe yeye. Jioni baada ya isha kaa barazani na wanaume, kahawa chungu, kashata, na maneno ya bei ya karafuu. Dada, we nenda uani kwa wanawake. Na msimu wa karafuu ukifika usiku watu wanakaa mkekani wanachambua, karafuu huku makonyo, vile vijiti vyake, kule, kaa nao uchambue, vidole vitanukia mpaka kesho kutwa lakini hakuna darasa la Kiswahili linaloshinda mkeka ule, na mikono ikiwa na kazi watu huuliza mambo ambayo uso kwa uso wasingeuliza.

Chakula hapa nikae kidogo maana ndipo nilipokosea. Krismasi yangu ya kwanza nilialika majirani, nikachinja kuku wawili mwenyewe, nikapika pilau tangu alfajiri. Wakaja wote wamependeza, wakakaa, wakala ndizi na machungwa, wakanywa soda, wakanishukuru sana, pilau hakuna aliyeigusa. Sikuelewa mpaka Bi mkubwa wa nyumba ya pili akaniita pembeni kwa upole, mwanangu, kuku wako nani kamchinja? Mwaka uliofuata nikampelekea mumewe kuku akachinja yeye, nikanunua sufuria mpya, nikamwambia Bi mkubwa aje tupike pamoja ili aone kila kinachoingia chunguni. Siku hiyo sufuria ilirudi jikoni ukoko mtupu. Kwa hiyo usisubiri kuambiwa, omba Mwislamu akuchinjie, nguruwe na pombe visikanyage nyumba yako kabisa, na sahani ya jirani ikija na mkate wa kumimina usiirudishe tupu, hata embe mbili zinatosha.

Ramadhani usile wala usinywe hadharani mchana. Ukialikwa futari nenda. Msiba ukitokea nenda siku ileile kwa sababu maziko hayachelewi, dada jifunge kanga na mtandio ukakae ndani na wanawake, toa ubani wako, yani mchango wa msiba, kimyakimya, kaka muulize mzee mmoja kama unaweza kufuatana nao makaburini na akisema baki, baki.

Sasa imani yenyewe. La kwanza na naomba mnisikilize, usifunge huduma na mahubiri. Dawa ni dawa. Mgonjwa aliyelala hana pa kukimbilia, mtoto anayetaka yunifomu hana uwezo wa kukukatalia, ukimhubiria hapo hujamshirikisha imani, umembana. Petro alituandikia tuwe tayari kumjibu anayetuuliza habari za tumaini letu, tena kwa upole, na mi nalichukua neno lile anayeuliza kama lilivyo. Na wanauliza! Mbona mnafunga lakini mnakunywa maji, mnaswali mara ngapi, Nabii Issa kwenu ni nani. Jibu kwa unachokiishi, kwa maneno machache, na wala usiiguse Kurani kwa ubishi, hata ukichokozwa. Swali la Mwana wa Mungu usilikwepe, sema unachoamini kisha mwache naye aseme chake mpaka mwisho.

Lugha ndo usiiache. Ukipita Unguja nenda Mkunazini ukalione kanisa kuu la Anglikana, limejengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliyesimamia ujenzi wake alifika Zanzibar 1864, 1870 akatoa kitabu cha kufundishia Kiswahili pamoja na kitabu cha hadithi alizozisikia kwa watu wa huku, jiwe la msingi la kanisa likaja kuwekwa Krismasi ya 1873. Yani masikio yalitangulia kuta.

Mwaka wa nne mama yake Bi mkubwa aliugua sana. Nikawa napita jioni kumgeuza na kumsafisha kidonda cha mgongo, usiku mmoja Bi mkubwa akaniambia, hebu na wewe muombee. Nikamwambia Bi, mi naomba kwa jina la Yesu, itakuwa sawa? Akanyamaza kidogo, akasema we omba unavyoomba. Nikaomba kwa sauti, maneno mafupi, nimemshika bibi mkono, nilipomaliza Bi mkubwa akasoma dua yake na mi nikatulia mpaka akamaliza. Akamimina chai. Hatukulizungumzia tena mpaka mwezi uliofuata, akaniuliza mwenyewe, ile siku ulimwambiaje Mungu?

Na siku yako ya kuondoka ikifika usitoroke na meli ya asubuhi. Pita nyumba kwa nyumba uombe radhi, anza kwa sheha, na kwa Bi mkubwa wako tenga jioni nzima.